Lenzi ya skrubu inagoma kwenye bodi ya kamera? Anza na mkia wa lenzi

Roli yangu ya kwanza ya filamu na Zenit-E, kamera ya Kisovieti, ilitoka nyeusi tii. Negativu zote 36, ukizishika dirishani unaona kama vipande vya mkaa, mbili tatu tu nilizopiga jioni jioni ndo zina kitu. Nikaapa shata, lile pazia linalofungulia filamu mwanga, imekufa. Nikaibeba mpaka kwa fundi, mzee mmoja mpole sana, namwambia mzee hii shata spidi zote zimelala. Yeye hata shata hakuigusa. Akaizungusha lenzi akaitoa, akaigeuza mkia juu, akachukua kalamu ya biki akabonyeza kipini kidogo pale nyuma, majani ya apacha, lile tundu la kupitishia mwanga, yakafunga chap. Akaachia, yakafunguka. "Mwanangu," akaniambia, "hii lenzi inasubiri kubonyezwa, na hiyo bodi yako haina kidole."

Basi, kesi ikaisha hapo. Lenzi ilikuwa Pentacon ya 50 mm f/1.8, mi naiweka f/8, tundu dogo, kila picha najiona mtaalamu, kumbe muda wote inapiga ikiwa wazi kwenye 1.8, yaani zaidi ya stopu nne za mwanga wa bure, na kila stopu ni mwanga mara mbili.

Nimeanza na hiyo kwa sababu watu wengi wanaouliza wachukue bodi gani ya filamu kwa ajili ya lenzi zao za skrubu, na wengine wanaolalamika wameuziwa bodi mbovu, ukichunguza unakuta bodi nzima, lenzi nzima, ila ndoa ya hao wawili ndo imevunjika. Kwahiyo ntakwenda dalili kwa dalili, na kila dalili ntakwambia ni ya kwenda kwa fundi au ni ya kubadilisha bodi tu.

Tukisema skrubu hapa namaanisha M42, mdomo wenye kipenyo cha milimita 42 na nyuzi zinazopanda milimita 1 kila mzunguko. Ilitoka 1949 na Contax S ya Dresden na Praktica, Pentax wakaidaka 1957, Wasovieti wakaiweka kwenye Zenit, halafu Fujica, Yashica, Chinon, Ricoh, Mamiya nao wakaingia humo humo, ndo maana lenzi zake zimezagaa hivi. Uzuri wake ni huo na balaa lake ni hilo hilo, skrubu ni moja ila kila kampuni iliongeza kakitu kake kule nyuma, huyu kaweka pini, yule kaweka kaulimi, mwingine kaweka vidoti vitatu vya umeme, na hako kakitu ndo kanakuja kugombana na bodi ya jirani.

Lenzi inaingia kidogo halafu inakwama

Usiilazimishe. Nasema tena, usiilazimishe, kwa sababu nyuzi za bodi nyingi ni laini ukizivuruga umeharibu kila lenzi itakayokuja baadaye.

Mara nyingi hiyo sio M42 kabisa, ni T2. T2 nayo ina milimita 42, ndo maana inakudanganya, ila nyuzi zake zinapanda milimita 0.75 badala ya 1. Ukiifunga inaingia kwa raha mwanzoni, halafu inakaza ghafla kama mfuniko wa chupa uliofungwa upande. Ziko kwenye lenzi ndefu za kizamani, zile 400 mm na 500 mm nyembamba kama bomba, na kwenye vifaa vya darubini. Na hata ukifanikiwa kuifunga kwa ubabe haitakusaidia, T2 imepigiwa hesabu ya kukaa milimita 55 kutoka kwenye filamu, M42 ni 45.46. Dawa yake ni kuchungulia nyuma ya lenzi, lenzi nyingi za T2 zina ringi ya kuunganishia inayotoka, unatafuta ringi ya T2 kwenda M42 na mambo yanaisha.

Kama badala ya kukwama inadumbukia, yaani mdomo wa bodi ni mkubwa kuliko lenzi, hapo una M39, skrubu ya milimita 39. Zenit za zamani zilikuwa M39, hata Zenit-E za mwanzo mwanzo zingine ni hizo. Ringi nyembamba ya 39 kwenda 42 inamaliza. Lakini subiri kidogo kabla hujafurahi, soma kipengele kinachofuata kwanza. Kuna na za milimita 37 za Asahiflex, za Pentax kabla hawajahamia M42, ila hizo hukutani nazo kila siku.

Cha mwisho hapa, lenzi inakaza vizuri ila alama ya juu inaishia pembeni, unasoma umbali ukiwa umeinamisha shingo. Hiyo kwa lenzi ya kawaida haina madhara, ni kero tu. Ina madhara kwenye zile zinazoongea na bodi kwa kaulimi, kaulimi kakikaa pembeni mita ya mwanga inasoma uongo.

Inafunga vizuri ila vya mbali havieleweki

Unazungusha fokasi mpaka kwenye ile nane iliyolala, yaani infiniti, halafu mlima kule mbali ni ukungu mtupu, wakati uso wa mtu aliye mbele yako uko safi. Maana yake lenzi imekaa mbali kuliko inavyotakiwa. Sasa nani kaisogeza?

Kama umeweka M39 kwa ringi, uliza hiyo M39 ni ya ukoo gani, maana ziko mbili zinazofanana uso. Moja ya Zenit, inakaa milimita 45.2, hiyo itakubali karibu kila kitu na tofauti yake huenda usiione. Nyingine ni ya Leica na watoto wake wa Kisovieti, Zorki na FED, hiyo imetengenezwa ikae milimita 28.8 tu kutoka kwenye filamu kwa sababu kamera zile hazina kile kioo cha ndani kinachopeleka picha kwenye kidirisha na kupanda unapopiga. Ukiifunga kwenye Zenit au Pentax umeiweka zaidi ya milimita 16 nje ya kituo, itaona ua lililo puani kwake tu basi. Mfano rahisi ni Industar-50, ipo ya Zorki na ipo Industar-50-2 ya M42, jina karibu moja, kazi tofauti. Jupiter-8 ya skrubu yenyewe ni ya ukoo wa Leica, usiitafutie bodi ya M42.

Kama umetumia adapta kwenye bodi isiyo ya skrubu, fanya hesabu ya mdomo. Pentax K, walioitoa 1975, waliiacha ile ile 45.46 makusudi ili wateja wa zamani wasitupe lenzi zao, kwahiyo adapta yake sahihi inazama ndani ya mdomo wa bodi na haiongezi hata unywele. Ukinunua ile yenye ukingo unaobaki nje ya mdomo, ukingo huo ndo umekula infiniti yako. Nikon F ni 46.5, hapo bila kuweka kioo cha kurekebisha katikati hupati mbali, na kioo hicho kinakula ubora, mi nasema acha. Olympus OM ni 46, nayo hivyo hivyo.

Umehakikisha bodi ni M42 halisi na lenzi ni M42 halisi na bado? Basi kuna mtu aliingiza mkono. Kwenye lenzi ya Helios 44-2 ringi ya fokasi imeshikwa na skrubu ndogo tatu pembeni, mtu akiifungua kupaka grisi halafu akairudisha kwa kukisia, infiniti inahama. Au kioo cha bodi kimeshuka na sio lenzi kabisa. Kutofautisha ni rahisi na ni kajaribio ninakokapenda: fungua mgongo wa kamera bila filamu, chukua selotepu ile nyeupe isiyong'aa, ibandike iwe imenyooka kwenye zile reli mbili za ndani ambako filamu inalala, weka shata kwenye B, inayobaki wazi ukiwa umeshikilia, apacha iwe wazi kabisa, elekeza kwenye jengo la mbali mchana wa jua, bonyeza ushikilie. Jengo litatokea kwenye selotepu limepinduka kichwa chini. Likiwa kali pale kwenye selotepu ila kwenye kidirisha cha kutazamia lilikuwa ukungu, kosa ni la kioo au skrini ya bodi. Ukungu kote kote, kosa ni la lenzi au adapta. Dakika tano hizo, na zinakuokoa kurudisha bodi nzima kwa muuzaji wa watu.

Picha zote zimeungua, au kidirisha ni kiza muda wote

Hapa ndo kwenye ule mkia niliokuwa nausema, tukae kidogo.

Igeuze lenzi. Kama hakuna pini yoyote nyuma, ni bapa tu, hiyo ni ya kufunga kwa mkono. Helios 44-2 iko hivyo, ina ringi mbili mbele, moja unachagua namba, nyingine unafungua kutazama na kufunga kabla ya kupiga. Jupiter-9 vile vile. Lenzi za namna hii zinakwenda na bodi yoyote ya M42 duniani, hazijali. Ukipata picha zilizoungua na lenzi ya hivi, umesahau kufunga, basi. Kidirisha kikiwa kiza, umesahau kufungua. Mi bado nasahau.

Kama kuna pini, angalia kama kuna swichi pembeni iliyoandikwa A na M, au Auto na Manual. Pini isipobonyezwa lenzi inabaki wazi, ikibonyezwa inafunga mpaka namba uliyoweka. Ukiweka M, pini haina kazi tena, lenzi inatii ringi moja kwa moja. Kwahiyo lenzi ya pini yenye swichi ni salama popote, Super-Takumar za Pentax zinaingia humu, Helios-44M pia.

Tatizo ni lenzi ya pini isiyo na swichi. Helios 44M-4 haina, Pentacon zingine zinayo zingine hazina. Hii inahitaji bodi yenye bamba ndani ya mdomo, chini pale, linalosogea mbele na kusukuma pini unapopiga. Zenit-E haina bamba hilo, Zenit-B haina. Zenit-EM, Zenit-TTL na Zenit-11 zinalo. Praktica za familia ya L na MTL zinalo, Spotmatic za Pentax zinalo, Fujica za ST zinalo. Na hapa wengi wanaanguka: ukiifunga lenzi hiyo hiyo kwenye Pentax K1000 kwa adapta, unarudi kwenye ugonjwa wa Zenit-E, kwa sababu bodi ya K haijui hiyo pini ni kitu gani. Zipo adapta zenye ukingo wa ndani unaobana pini muda wote, hizo zinafanya kazi ila unatazama kupitia lenzi iliyofungwa kwenye f/8, kidirisha kinakuwa kama pango, na yale mapande mawili ya katikati ya kupimia fokasi nusu moja inageuka nyeusi.

Sasa kama bodi ina bamba na lenzi ina pini na bado picha zimeungua, gawanya kesi. Toa lenzi, weka f/16, sukuma pini kwa ukucha haraka uachie. Majani lazima yaruke, chap-chap. Yakijivuta kama mtu aliyeamshwa usingizini, kuna mafuta kwenye majani, shata inamaliza kazi kabla hayajafunga. Ugonjwa wa lenzi huo. Yakiruka vizuri, hamia kwenye bodi: bila lenzi, elekeza mdomo kwako, piga, uangalie kama bamba linakuja mbele lote. Likija nusu, lenzi inafungwa f/5.6 wakati umeweka f/16, na picha za mchana tu ndo zitaungua, za ndani zitakuwa sawa, ndo maana dalili hii inasumbua akili sana.

Mita imelala, au inaongea uongo

Kwanza jua mita yako inakula nini. Zenit-E ina kidirisha cha seleniamu juu ya lenzi, haitaki betri, inaishi kwa mwanga. Ifunike kwa kiganja halafu ipeleke kwenye mwanga, sindano ikibaki pale pale seleniamu imekufa, na haifufuki kwa kusafisha. Ikicheza usiiamini bado, ilinganishe na programu ya mita kwenye simu sehemu tatu tofauti, kivulini, juani, chumbani. Ikikosea kiasi kile kile kote, unaibadilishia ISO, namba ya wepesi wa filamu, unaendelea. Ikikosea hivi huku na vile kule, sahau.

Zile zinazopima kupitia lenzi, Spotmatic ya 1964 na wenzake, nyingi zilipigiwa hesabu ya betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Watu wanatumbukiza ya alkali ya 1.5 halafu wanashangaa picha zimekuwa kiza: volti zikizidi, kwenye saketi ya kawaida sindano inapanda kupita kiasi, wewe unadhani mwanga ni mwingi unafunga zaidi. Spotmatic SP ya kawaida haina shida hiyo, saketi yake imepangwa kama mizani, volti zikipanda zinapanda pande zote mbili, kwahiyo unaweka betri ndogo ya fedha SR41 na karingi ka mpira ka kuijazia nafasi, imekwisha. Praktica MTL pia zinasifika kwa kutojali volti. Kwa zinazojali, betri za hewa za vifaa vya masikio ni volti 1.4, ziko karibu kabisa na zebaki ila zikishafunguliwa zinaisha zenyewe hata usipozitumia.

Na kabla ya yote hayo, fungua kifuniko cha betri. Unga wa kijani au mweupe mle ndani, ndo mita yako hiyo. Siki kidogo kwenye pamba ya masikio, suuza kwa spiriti, kausha, jaribu tena.

Mi kwa kweli mita kwenye bodi ya M42 naihesabu kama redio kwenye gari la mtumba. Ikiimba vizuri, nashukuru. Ila gari silinunui kwa sababu ya redio.

Upande mmoja wa picha mweusi

Hii sasa ni shata, na ndo kitu cha kukagua kuliko vyote unaponunua. Bodi nyingi za M42 zina mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. La kwanza linafungua, la pili linafuata linafunga. Kwenye 1/1000 mwanya kati yao ni mwembamba kama uzi, sasa grisi ya miaka hamsini ikiganda, la kwanza linachelewa, la pili linalikamata njiani, na kuanzia pale walipokutana picha ni kiza.

Fungua mgongo, hamna filamu, elekeza ukuta mweupe wenye mwanga mkali, jicho nyuma, piga 1/1000. Unatakiwa uone mstatili mzima umemweka. Ukiona robo imekosekana, shuka 1/500, 1/250, uone inarudi wapi. Ikirudi kwenye 1/500 bodi unaweza kuichukua ukijua kwamba 1/1000 huna. Ikikosekana mpaka 1/125, hiyo inahitaji kufunguliwa na kusafishwa yote. Simu yenye video ya taratibu inasaidia sana hapa, na muuzaji akikukatalia kufungua mgongo, we ondoka.

Halafu spidi za chini. Weka sekunde 1, sikiliza. Inatakiwa izunguke ziiii ikamalizia klak. Ikikwama katikati mpaka uiguse, mafuta yameganda kwenye gia za kuchelewesha. Zenit-E haina ugonjwa huu kwa sababu haina hizo spidi kabisa, inaanzia 1/30 kwenda 1/500, na B.

Vidoa vyeupe vidogo vinavyojirudia sehemu ile ile kwenye picha nyingi ni matundu kwenye pazia. Chumba cha giza, tochi mbele, jicho nyuma, ukaguzi kabla ya kuvuta mkono wa filamu na baada ya kuvuta, kwa sababu pazia ni mawili na ukiangalia mara moja umeona moja tu. Kama mwanga umejichora kwa michirizi ya machungwa pembeni ya filamu, hiyo sio shata, ni sponji za mlango wa nyuma zimeoza zimekuwa kama lami. Kazi ya nyumbani hiyo, usiogope.

Kama hutaki habari za mapazia, Praktica MTL 5 na Ricoh Singlex TLS zina shata ya chuma inayokimbia juu kwenda chini. Zina kelele, Praktica inalia kama mtego wa panya, lakini chuma hakitoboki matundu kama kitambaa.

Kioo kimepanda hakishuki

Umepiga, kidirisha kimekuwa cheusi, na kinabaki cheusi mpaka uvute filamu. Kwenye Spotmatic mara nyingi ni pazia la pili halijamaliza safari, linabaki nusu ya unywele, na kioo kinasubiri ruhusa yake. Kwahiyo ni ile ile shata. Au sponji ya juu kinapogonga kioo imeyeyuka imekinata, gusa kwa kijiti uone kama inanata. Ila kwa Zenit za zamani sana na bodi kadhaa za kabla ya miaka ya 60, kioo kubaki juu mpaka uvute tena ndo ilivyoumbwa, hamna ugonjwa.

Kila kitu kina rangi ya chai

Kama una Super-Takumar ya 50 mm f/1.4 na ukichungulia dunia imekuwa njano, hiyo ni kioo chenye thoriamu kimebadilika rangi kwa mionzi yake yenyewe. Haihusiani na bodi, acha kuilaumu. Iweke kwenye mwanga wa UV siku kadhaa itasafika kwa kiasi kikubwa. Kwa filamu nyeusi na nyeupe mi hata sihangaiki, nahesabu nina filta ya njano ya bure. Usiisage tu wala kuivunja.

Haya, sasa bodi ipi

Lenzi zako zote hazina pini? Chukua chochote chenye shata nzima. Zenit-E inatosha kabisa, kidirisha chake ni kidogo na kina kiza, ila inavumilia.

Una mchanganyiko, na ndivyo watu wengi walivyo? Mi nakwambia Spotmatic SP bila kusita, kidirisha kizuri, inafanya kazi spidi zote bila betri, mafundi wanaijua. Praktica MTL 5 ni ya pili, ngumu, haina urembo, kitufe cha kupigia kiko mbele utakizoea.

Unataka kupima mwanga lenzi ikiwa wazi, bila kufunga kwanza? Hapo huchanganyi tena, unaoa ukoo mzima. Spotmatic F ya 1973 inataka Takumar za SMC zenye kaulimi kake, Fujica ST801 ya 1972 inataka Fujinon zenye kakwake. Lenzi ngeni zinafungika ila unarudi kupima kwa kufunga. Na hizo Fujinon, angalia, kaulimi kao kanatokeza nyuma ya ringi ya apacha na kanagonga uso wa bodi zingine kabla lenzi haijakaza, ukiona Fujinon haifiki mwisho kwenye Praktica yako ni hako, sio nyuzi. ST801 inakupa na 1/2000. Bessaflex TM ya Voigtländer ya 2003 nayo inafika 1/2000, ndo bodi changa kuliko zote za ukoo huu, na wenye nayo wanajua thamani yake.

Zenye shata ya umeme, Pentax ES, Yashica TL Electro-X, nzuri zikiwa nzima. Saketi ikifa, Electro-X inabaki pambo la kabati, ES inabaki na spidi chache tu za kimakanika. Mi nazikwepa.

Flashi inawaka, picha kiza

Spotmatic ya kawaida ina matundu mawili ya waya wa flashi pale mbele, FP na X. FP ilikuwa ya balbu za kizamani, flashi ya umeme inachomekwa X. Ukikosea inawaka, mtu anafumba macho kabisa, na filamu haina kitu. Spidi isizidi 1/60. Kwa Zenit-E ni 1/30, kwa Praktica MTL ni 1/125. Ukizidisha unapata nusu picha na utadhani ni lile pazia nililolisema juu.

Mkwaruzo ukipiga

Chache lakini ipo. Lenzi zingine kioo cha nyuma kinatokeza sana mpaka kinagusana na kile kioo cha bodi kinapopanda, na kinatokeza zaidi ukiweka infiniti. Kabla hujafunga lenzi usiyoijua, iweke kwenye infiniti, weka rula bapa juu ya mkia, pima kwa njiti ya kiberiti kioo kimezidi nyuzi kwa kiasi gani, weka alama kwenye njiti kwa ukucha. Halafu linganisha na lenzi ambayo tayari inaishi kwenye bodi hiyo kwa amani. Ikizidi alama, piga picha ya kwanza ukiwa kwenye mita moja ndo uende taratibu kuelekea infiniti, na kioo cha bodi kikibaki juu usivute chochote, rudisha fokasi karibu kwanza, kitashuka chenyewe.